Taya la Mtu Mpole

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa mpole kiasi kwamba mgeni angeweza kudhani hasikii vizuri. Ukimwambia jambo la kumuudhi alitulia, akakutazama kwa macho ya huruma, akasema, "Hapana shida, tutaliangalia." Kisha akarudi kwenye karatasi zake. Nilifundisha chini yake miaka mingi, katika shule ya msingi iliyo mwendo mfupi kutoka Nyololo, ukiacha barabara kuu na kuingia ndani kwenye misonobari, ambako baridi ya asubuhi inakufanya uandike ubaoni huku mkono mmoja uko mfukoni. Alikuwa Mhehe wa Kilolo. Walimu waliotoka mikoa mingine walikuja na ule utani wao kwamba Mhehe hasira zake ziko karibu, wakakaa mwaka mzima wakisubiri kuziona, wakachoka.

Nitoe mfano wa vyoo. Fundi aliyetujengea vyoo vipya vya walimu aliweka mlango unaofungukia ndani, na mle ndani hapakuwa na nafasi ya kutosha mtu na mlango kwa pamoja. Ukiingia wewe, mlango haufungiki. Siku ya kukabidhiwa tulisimama nje tukingoja Mkuu aseme neno. Aliingia, akajaribu kufunga, akageuka upande huu na ule, akajaribu tena kwa kuvuta tumbo ndani. Akatoka, akampa fundi mkono, akamwambia lipu imekaa vizuri. Kwa miaka miwili sisi walimu wa kike tulikwenda chooni wawili wawili, mmoja akiwa ni mlango.

Ila siku ile nilikuwa nimesimama karibu naye, na wakati anampa fundi mkono nilisikia sauti. Kak. Kama kijiti kikavu kilichovunjwa ndani ya kitambaa. Nilitazama chini nikidhani amekanyaga kitu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba sauti ile ilitoka kichwani mwake, mbele kidogo ya sikio la kushoto, pale taya linaposhikana na fuvu.

Walimu wa zamani walikuwa wanaifahamu siku nyingi. Mwalimu wa hesabu, mtu mwenye masihara ambaye alikaa meza ya karibu na Mkuu kwenye vikao, alikuwa ameifanyia utafiti. Alinieleza kwamba kak moja maana yake Mkuu hakubaliani na wewe. Kak mbili, ombi lako limekataliwa hata kama mdomo umesema tutaliangalia. Kak tatu mfululizo alikuwa amezisikia mara moja tu, siku mwalimu mmoja alipoazima pikipiki ya shule kwenda msibani Makambako akairudisha bila kioo wala taa. Mdomo wa Mkuu siku hiyo ulisema pole kwa msiba.

Kwa hiyo kwenye vikao hatukumtazama Mkuu, tulimtazama mwalimu wa hesabu. Akiinua kidole kimoja juu ya meza, unapunguza maneno. Akiinua viwili, unakaa.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na mambo yake. Aliwanyang'anya wanafunzi jojo bila huruma. Ukikamatwa unatafuna darasani ulizisalimisha zote mpaka zilizo kwenye soksi. Zilienda kwenye droo yake ya kulia. Na kwa kuwa hakupenda kitu kiharibike, alizitafuna mwenyewe, moja baada ya nyingine, akisahihisha madaftari, upande wa kulia tu wa mdomo. Mtoto akiingia ofisini alikuta Mkuu ametulia kama picha, shavu moja limevimba. Na mtu huyu ambaye hakuwahi kumpiga kibao hata mbuzi aliyekula bustani ya shule, alipenda ndondi. Pakiwa na pambano kwenye televisheni alikwenda kwenye duka la Nyololo lenye skrini kubwa, akaketi benchi la mbele, amekunja mikono, akisema kwa sauti ya mtu anayesali, "Mpige. Mpige tu huyo. Usimwache apumue." Pambano likiisha alisimama, akamshukuru mwenye duka, akarudi nyumbani polepole akiwaamkia wazee njiani, kamwene, kamwene.

Nyumbani kwake nako kulikuwa na jambo. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuja kwa wiki mbili kutafuta shamba la kukodi. Mimi nilipofika shuleni alikuwa na mwaka wa tano pale. Shamba lilikuwa bado halijapatikana. Alikuwa mtu mchangamfu, mnene kiasi, mwenye maoni. Alikalia kiti cha Mkuu, kile chenye mito, na Mkuu mwenyewe akakaa kwenye stuli ya jikoni. Alikuwa akiamua redio ifunguliwe wapi. Siku moja nilipopeleka madaftari pale nyumbani nilimsikia akimfundisha Mkuu namna ya kuongoza shule. Mkuu aliitikia kwa kichwa. Akaniambia mbele yake kwamba shemeji yake ana mawazo mazuri sana. Nilihesabu kak mbili na nusu, kwa kuwa ile ya tatu aliizuia kwa mkono.

Sasa niseme juu ya maumivu, kwa sababu hayo hakuna aliyeyajua mpaka yalipokuwa yamekomaa. Yalianza sikioni. Mkewe ndiye aliyetusimulia baadaye, yeye asingesema. Aliamka asubuhi kichwa kinamgonga kwenye panda za uso, kando ya macho, sikio la kushoto limeziba, kufungua mdomo kwa ajili ya uji ni kazi. Alipewa dawa ya matone ya sikio. Akatia matone mwezi mzima na sikio likawa safi kuliko masikio yote ya kata nzima, lakini maumivu yalibaki palepale. Jirani akasema hilo ni jino linalosukuma sikio. Akaenda kung'oa.

Aling'oa magego matatu, kwa nyakati tatu, na yote yalikuwa mazima. Hii nayo ina maelezo yake. Mara ya kwanza aliulizwa ni lipi, akaonyesha kwa kidole upande mzima. Mng'oaji akagonga moja akauliza, ni hili? Halikuwa hilo, hata yeye mwenyewe hakuhisi chochote. Lakini mtu wa watu alikuwa ameshavuta dawa ya ganzi kwenye sindano, ameshapanga vyombo vyake kwenye sinia, na nje kulikuwa na foleni. Mkuu aliona si vizuri kumsumbua. Akasema, ndiyo, ni hilo. Mara ya pili alikwenda kwa mtu mwingine, kwa aibu ya kumwambia yule wa kwanza kwamba bado anaumwa, na mambo yakawa yaleyale. Habari ya mara ya tatu alinieleza mwenyewe, miaka baadaye, akionekana bado anajishangaa. Yule mng'oaji alikuwa kijana, ndiyo kwanza ameanza kazi. Mkuu aliogopa kwamba akikataa atamvunja moyo.

Huenda angemaliza meno yote kwa ukarimu, kama si mahafali ya darasa la saba.

Mgeni rasmi mwaka huo alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu mwenye uwezo, ambaye tulitaraji atatusaidia kuezeka madarasa mawili. Alisimama kuzungumza saa saba mchana, watoto wakiwa hawajala, na kwa mwendo aliokuwa nao ilionekana atamaliza jioni. Alieleza maisha yake tangu alipokuwa akitembea pekupeku. Mkuu alikuwa amekaa jukwaani kando yake, mbele ya wazazi wote. Nikiwa nimesimama na darasa la kwanza niliona anapambana na mwayo. Aliubana, akaumeza, ukarudi, ukamshinda. Mdomo ukafunguka wote. Haukufungika tena.

Mwanzoni sikuelewa. Nilidhani ni mwayo mrefu. Kisha niliona macho yake, ambayo kwa kawaida yalikuwa tulivu, yanazunguka kama ya mtu aliyefungiwa mahali. Taya lilikuwa limetoka kwenye nafasi yake na kukwama wazi. Na Mkuu, kwa kuwa ni Mkuu, hakuinuka wala kupunga mkono. Aliweka mikono magotini, akaendelea kumtazama mgeni rasmi akiwa ameachama.

Mgeni rasmi akageuka akamwona. Nafikiri katika maisha yake hakuwahi kupata msikilizaji wa namna ile. Sauti ilimpanda. Alirudi nyuma akaanza kueleza kwa kirefu habari za msumeno wake wa kwanza, mambo ambayo alikuwa ameyapita kwa kifupi, na kila alipogeuka alikuta Mwalimu Mkuu bado kinywa wazi kwa mshangao. Wazazi wakaanza kupiga makofi. Mate yalianza kumtoka Mkuu pembeni, akayafuta na ratiba ya sherehe. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameziba uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Alikuwa analia kwa kicheko. Mimi nilipanda jukwaani kwa nyuma nikainama kama ninayempa ujumbe, nikamwuliza kama ameumia. Alijibu kwa irabu tupu. Nikamshika kidevu kwa leso, sijui hata nilikuwa nataka kufanya nini, naye akasukuma kwa viganja vyake mwenyewe, na taya likarudi kwa kak moja ambayo darasa la kwanza waliisikia.

Mgeni rasmi aliahidi bati za madarasa matatu. Alisema ameguswa.

Mkuu alicheka siku ile pamoja nasi, mkono shavuni. Lakini kesho yake mkewe alinifuata darasani akaniomba nitoke nje. Aliniambia kwamba mumewe tangu jana anakunywa uji kwa kijiko cha chai, hawezi kuingiza kikubwa zaidi, na kwamba amemkuta amekaa nyuma ya nyumba anajifunza kusema majina ya wanafunzi bila kufungua meno. Anaogopa atashindwa kufundisha. Miaka minne imebaki astaafu. "Wewe atakusikiliza," aliniambia. "Mimi nikimwuliza ananiambia hapana shida."

Mama yangu anaishi Mbeya, na alikuwa amewahi kutibiwa pale na daktari wa meno aliyempenda. Nilimwambia Mkuu kwamba nakwenda kumsalimia mama na naogopa kusafiri peke yangu. Ulikuwa uongo, nilisafiri peke yangu kila likizo. Alikubali kwa sababu hakujua kukataa.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimwuliza Mkuu ni jino gani, na kabla hajajibu akamwambia, usiniambie ili kunifurahisha. Nadhani aliona zile nafasi tatu. Alimpima mdomo unavyofunguka kwa vidole vya mgonjwa mwenyewe: mtu wa kawaida anaingiza vidole vitatu vilivyopangwa kwa kusimama, Mkuu aliingiza viwili, na cha pili kwa taabu. Alimpiga picha ya meno. Kisha akamtazama meno yaliyobaki kwa muda mrefu, akaniita nami nije nione. Yalikuwa yamelika juu, bapa kama sakafu, yamepoteza vile vilima vidogo ambavyo kila gego linavyo.

Akatueleza. Mbele ya kila sikio kuna kiungo, taya linazunguka pale kama bawaba ya mlango, na katikati pana kijisahani laini kinachozuia mfupa usisuguane na mfupa. Kijisahani kikichezacheza nafasi yake ndipo inakuja ile sauti. Sauti peke yake si ugonjwa, watu wengi wanayo. Lakini Mkuu alikuwa anakaza meno mchana na kuyasaga akiwa amelala, na misuli ya taya ilikuwa imechoka kama miguu ya mtu anayepanda mlima bila kupumzika. Ndiyo iliyokuwa inaumiza kichwa na kuziba sikio. Kung'oa magego kulimfanya atafune upande mmoja tu, na hilo likazidisha. Mkewe alikuwa amekwisha kuniambia kwamba anatafuna usingizini kama mtu mwenye bisi, lakini alifikiri ni ndoto za njaa.

Daktari aliweka vidole vyake kwenye panda za uso za Mkuu, akamwambia azungumze tu, amweleze maisha yake. Mkuu akaeleza shule. Vidole vya daktari vilitulia. Akaeleza vyoo vya walimu. Vidole vikainuka kidogo. Daktari akauliza nyumbani wako wangapi. Mkuu akasema yeye, mkewe, na shemeji yake, mtu mwenye mawazo mazuri sana. Niliona kwa macho yangu vidole vya daktari vikinyanyuliwa na misuli kama vifuniko vya sufuria zinazochemka.

"Unamkasirikia nani, Mwalimu?" daktari aliuliza.

"Mimi sijawahi kumkasirikia mtu."

Kak.

Daktari hakucheka. Alimwambia kwamba sababu za maradhi haya ni nyingi na hasira si ya watu wote. Wengine ni ajali, wengine ni namna ya kulala, wengine haijulikani. Lakini kwake yeye aanze na hiyo. Akampa dawa ya maumivu ya siku chache, akamwambia akande kwa kitambaa cha maji ya moto, ale vitu laini kwa wiki kadhaa, akipiga mwayo ashikilie kidevu, na jojo aache kabisa. Mkuu aliniangalia kama mimi ndiye niliyemsema. Daktari alimpima meno kwa udongo laini wa kutengenezea kinga ya kuvaa anapolala. Na akamfundisha namna ya kupumzisha taya, maneno ambayo alimfanya ayarudie mara tatu: midomo ikutane, meno yaachane, ulimi upumzike juu. Meno ya juu na ya chini, alisema, kazi yao ya kukutana ni chakula tu. Mkuu alishangaa. Kwa umri wake wote alidhani meno kukaa yamebanana ndiyo adabu.

Tulifika kwa mama yangu mchana. Na mama, kwa kusikia kwamba namletea Mwalimu Mkuu, alikuwa amechinja jogoo. Si kuku wa kawaida. Ni jogoo mmoja mzee ambaye alikuwa akiwafukuza watoto wa jirani, aliyechemshwa tangu asubuhi na bado alikuwa anapinga. Mama alimwekea Mkuu paja na kidari, akaketi mbele yake kumwangalia akila, kwa heshima.

Nilitaka kuingilia kati, lakini daktari alikuwa ameninong'oneza wakati tunatoka nisimsemee. Nikanyamaza. Mkuu aliutazama ule mguu wa jogoo. Aliushika. Akauweka mdomoni, akauma, taya likalia, machozi yakamsimama. Nilimwona anataka kutabasamu. Nilijua kabisa neno linalofuata. Badala yake aliurudisha mguu kwenye sahani, taratibu, kama anayeweka kitu kitakatifu, akafuta vidole.

"Mama," alisema, "siwezi kumla huyu kuku."

Mkuu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mimi sijapata kumwona mtu mzima ameogopa namna ile kwa sababu ya kuku.

"Si ungesema mapema, baba," mama alisema. "Ndizi zipo jikoni, zimeiva laini." Akaondoa sahani, akaleta ndizi za kupika na maharage yaliyopondwa, akampakulia, akaendelea na habari za mvua.

Mkuu alikula ndizi zote. Njiani kurudi, basi lilipokuwa limeshapita Igawa, aligeuka akaniuliza kama mama alikuwa amechukia. Nikamwambia hapana. Akauliza kama nina hakika. Akatazama nje, kisha akasema, "Na kuku mwenyewe alikuwa mgumu kweli."

Ya nyumbani kwake nilihadithiwa na mkewe, ambaye alilazimika kukaa chini kwa kicheko akisimulia. Mkuu aliingia, akamkuta shemeji yuko kwenye kiti chenye mito, akasimama mbele yake. Akamwambia, kwa sauti ileile ya siku zote, kwamba anakitaka kiti chake, na kwamba baada ya mavuno anataka pia nyumba yake. Kisha akatoka nje kwenda kumwomba mkewe radhi kwa kumfukuzia ndugu. Mkewe alimtazama. Akamwambia yeye mwenyewe amemchoka yule mdogo wake tangu mwezi wa pili wa mwaka ule wa kwanza, ila kila alipotaka kusema, mumewe alikuwa anamsifu. Akaona pengine wanaume wawili wamependana, yeye ni nani awatenganishe. Walikaa kwenye mawe ya nyuma ya nyumba wakahesabu miaka. Shemeji alipata shamba ndani ya siku nne. Lilikuwa baada ya nyumba ya tatu kutoka pale, na aliendelea kuja kuwashauri, lakini alikaa kwenye stuli.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo tulipata Mwalimu Mkuu aliyekamilika. Haikuwa hivyo. Muhula uliofuata ulikuwa mgumu kwetu sote. Mtu aliyekaa miaka thelathini bila kusema alikuwa na mambo mengi ya kusema, na aliyasema yote, bila kupandisha sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alikuja mezani kwako, akasimama, akasema, "Mwalimu, nimekukasirikia," na akaeleza kwa mpangilio. Alimwendea yule wa pikipiki. Alimtafuta fundi wa vyoo mpaka Mafinga, akarudi naye, akamwingiza chooni, akamwambia funga mlango. Mlango ulibadilishwa wiki hiyohiyo. Siku ya Jumapili aliwaambia wanakwaya baada ya ibada kwamba wimbo wa tatu una beti sita zisizo za lazima. Mwalimu wa hesabu alipoteza kazi yake ya kuinua vidole na akawa mnyonge kidogo.

Ofisini alibandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: MIDOMO IKUTANE, MENO YAACHANE. Ofisa aliyekuja kukagua shule aliisoma mara mbili, akauliza kwa sauti ya chini hapa walimu wamekatazwa kusema nini. Mkuu akamweleza habari ya kiungo cha taya kwa nusu saa, akampima vidole vitatu. Ofisa aliondoka anajishika mashavu.

Maumivu hayakuisha yote. Yalipungua. Kinga aliivaa kwa uaminifu, ikamchubua mwanzoni, akarudi Mbeya ikasagwa kidogo, ikakaa. Vidole viwili vikawa viwili na nusu, vikawa vitatu. Wakati wa mitihani ya taifa yalirudi, na tulimwona dirishani na kitambaa cha moto shavuni, ulimi juu, akijikumbusha. Jojo aliacha, isipokuwa mara moja ambayo nilimfumania na hakukana.

Alistaafu, akarudi Kilolo, upande wa Ilula, akalima nyanya. Mimi nilihamia Mbeya muda mfupi baadaye. Mkuu aliyemrithi alisaini barua yangu ya uhamisho siku niliyoileta.

Mwaka jana nilikuwa Iringa kwa semina. Nilishuka Ipogolo kusubiri basi la Mbeya, nikaingia mgahawani kunywa chai, na nikamkuta yeye, amekonda, kofia ya sufu kichwani, anangoja gari la kwenda Ilula. Tulifurahi sana. Aliniambia mkewe ni mzima, nyanya za mwaka huu ni nyingi mno, wachuuzi wa barabarani wanazipanga mpaka zinafunika miguu yao. Anakula mahindi ya kuchoma, alisema, polepole, pande zote mbili. Kisha akazungusha kikombe.

Akaniuliza kama nakumbuka barua ya uhamisho, ile ya kwanza. Nilikumbuka. Mwaka wangu wa tatu pale shuleni niliomba kuhamia Mbeya, kwa kuwa nilikuwa na mchumba huko. Barua hupitia kwa Mwalimu Mkuu ndipo iende halmashauri. Kila nilipouliza niliambiwa wilayani bado hawajajibu. Mchumba alisubiri mwaka na nusu, akaoa mwingine. Nililia kwa muda, nikaendelea na kazi.

"Sikuipeleka," Mkuu alisema. "Darasa la kwanza walikuwa hawasomi kabla yako. Nilishindwa kukuambia ubaki, nikashindwa kukuambia nenda. Ilikaa kwenye droo ya kushoto mpaka nilipostaafu." Akavuta pumzi. "Yule daktari alinifundisha kusema nilivyokosewa. Kusema nilivyokosea hakunifundisha. Hilo limenichukua muda."

Nilimtazama. Mzee, mashavu yameingia pale magego yalipokosekana, mikono yenye rangi ya majani ya nyanya. Nikasema, "Hapana shida, Mwalimu. Ni mambo ya zamani."

"Usiniambie hapana shida," alisema. "Hiyo naijua mimi."

Basi nikamwambia. Nilianza kwa sauti ndogo, kwa sababu ya watu. Nilimwambia kwamba nilimwandikia yule mtu barua nikimwomba avumilie, na kwamba alinijibu, ni halmashauri gani inayochukua mwaka na nusu kusoma karatasi moja, akasema mimi ndiye nisiyemtaka. Nilimwambia nilimtetea yeye, Mkuu, mbele ya mama yangu. Nilimwambia kwamba nilimshika kidevu mbele ya wazazi wote, nikamdanganya naogopa kusafiri ili apone, na barua yangu ikiwa kwenye droo. Nikamwambia yule mchumba leo ana tumbo kubwa na anadaiwa kila mahali na huenda Mungu aliniokoa, lakini hilo lilikuwa la kuamua mimi, halikuwa la droo. Sijui nilisema muda gani. Mwenye mgahawa alikuja kutuongeza chai akageuka njiani. Mkuu hakujitetea, hakushika shavu. Nilipofikiri nimemaliza aliniuliza kama kuna lingine, na lilikuwepo, nikalisema.

Gari lake lilifika kwanza. Aliinama kuniaga kama wanavyowainamia wakubwa, jambo ambalo halikustahili kwa umri wake, na mimi nikamwacha afanye. Akapanda. Aliketi dirishani lakini hakunipungia mkono mpaka mimi nilipompungia.

Basi la Mbeya lilipokuja nilikaa upande wa kulia, mahali ninapokaa kila nikipita njia ile, ili niione ile barabara ya vumbi inayoelekea shuleni. Hasira ilinishika mpaka Mafinga. Baada ya hapo nilisinzia, na kondakta ndiye aliyeniambia, nilipoamka na kuuliza tumefika wapi, kwamba Nyololo tumeipita siku nyingi.